Kwa nini watafiti wanahesabu nyasi malishoni?

Kama unaishi Kakuma, Kalobeyei au vijiji vya jirani, huenda siku moja ukakutana na watafiti malishoni. Huweka fremu ya mraba chini na kuhesabu mimea iliyomo ndani yake. Kazi hii si kugawa viwanja. Soma hapa uelewe faida yake kwako.

Wanatafuta nini?

Wanataka kujua mimea ni mingi kiasi gani na imetawanyika vipi. Tuseme fremu 10 zina mashina 20 ya nyasi. Wastani ni mashina 2 kwa kila fremu. Lakini huenda kila fremu ina mashina 2, au fremu mbili zina 10 kila moja na nane zilizobaki ni udongo mtupu. Wastani ni uleule, malisho si yaleyale. Kiongozi akiangalia wastani tu, anaweza kusema nyasi zinatosha, huku mifugo ikisongamana sehemu moja. Hapo ndipo ugomvi huanza.

Wanajuaje tofauti?

Hupima hesabu za fremu zinavyoachana na wastani (variansi), kisha hugawanya kwa wastani. Jibu likikaribia 1, mimea imetawanyika bila mpangilio. Likizidi 1 kwa mbali, imekaa kwa mafungu. Likiwa chini ya 1, imeachiana nafasi karibu sawa. Katika mfano wetu wa fremu mbili zilizojaa, jibu ni karibu 9.

Na mathenge je?

Tuseme katika fremu 100, nyasi zipo kwenye 40 na miche ya mathenge kwenye 50. Kama haihusiani, tungetarajia kuikuta pamoja katika fremu 20 hivi. Ikikutwa pamoja katika 5 tu, inaepukana. Sababu yaweza kuwa mathenge yenyewe, udongo au maji, kwa hiyo uchunguzi huendelea.

Mbuzi hula maganda ya mathenge na kuacha mbegu kwenye kinyesi. Ramani ya mafungu husaidia kuamua wapi miche ing'olewe mapema na wapi malisho yapumzishwe.

Unaweza kufanya nini?

- Usiondoe vigingi vyao.
- Wafugaji, watajieni majina ya nyasi kwa lugha yenu.
- Uliza kama wamepima pia mbali na barabara.
- Omba matokeo yaelezwe kwenye mkutano wa wenyeji na wakimbizi pamoja.