Fahamu: Kazi za anga hufanyika ardhini

Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, iliporushwa Aprili 15, 2023 kutoka California, vijana wengi walijiuliza: kazi za anga ni za wanaanga peke yao? Hapana. Nyingi hufanyika ardhini, na kiini chake ni kupima.

Kupima ukiwa ardhini si jambo jipya; Tabora, Tanzania, inalijua tangu zamani. Mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza John Speke alitoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, akafuata njia ya misafara kuelekea kaskazini. Alipofika Nyanza, yaani Ziwa Victoria, alikuwa amebakiwa na kipimajoto kimoja tu, cha maji ya kuogea. Akachemsha maji ufukweni, akasoma joto la kuchemka, ambalo hupungua kadiri unavyopanda juu, akakadiria kuwa ziwa liko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari. Vipimo vya leo husema takriban 1,134. Kila nikiwaza sufuria ile, nastaajabu! Wala tusimsahau Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa mkalimani wake. Ndiye aliyewaunganisha wageni na wenyeji.

Mwaka 1962 ikawa zamu ya Tunguu, Unguja. Kituo cha Wamarekani kilifuatilia chombo cha mwanaanga John Glenn kikiizunguka dunia: mafundi wameketi chini, masikio kwenye redio.