Utata wa "-ote" katika Sentensi za Masharti Kanushi

Mwalimu mwenzangu, andika sentensi hii ubaoni: "Wakulima wote wasipofika kituoni, gari la kiwanda halitapakia majani." Darasa la Kisii au Nyamira, ambako wanafunzi wengi wanakijua vyema kituo cha kununulia chai, litagawanyika. Wapo watakaosema gari halitapakia iwapo hakufika mkulima yeyote. Wengine watashikilia kwamba akikosekana mmoja tu, gari litaondoka tupu. Usikimbilie kuwasahihisha, pande zote mbili zina haki.

Tazama umbo lenyewe. Ukanushi (-si-) umo ndani ya kitenzi "wasipofika", ilhali "wote" imesimama nje yake. Je, kinachokanushwa ni kule kufika, au ni kule kuwa wote? Sentensi haisemi. Katika mazungumzo, mkazo wa sauti na hali ya mambo humsaidia msikilizaji. Katika karatasi ya mtihani havipo.

Sasa linganisha: "Asipofika hata mkulima mmoja..." na "Hata mkulima mmoja asipofika..." Maneno ni yale yale, nafasi ndiyo imebadilika. Ya kwanza yaelekea kituo kisicho na mtu. Ya pili yaelekea kukosekana kwa mmoja. Anayetaka kuepuka ubishi kabisa aandike: "Ikiwa si wakulima wote watakaofika..."

Nawe mtahiniwa, ukiulizwa maana mbili katika Karatasi ya Pili, usiandike "hakuna aliyefika" na "wachache walifika" ukatosheka. Hapo umelitupa sharti lenyewe, na hakuna aliyesema kuwa jambo hilo limekwisha kutokea. Andika kila maana kwa ukamilifu, sharti na matokeo yake.

Katika fasihi utata huu si kosa la kurekebishwa kila mara. Chukulia mtawala katika tamthilia anayeuahidi umati: "Raia wote wasiponitaka, nitang'atuka." Umati unashangilia, ukidhani kwamba umoja ukivunjika tu, ataondoka. Yeye moyoni anajua kuwa maadamu amebaki msifu mmoja wa kumwimbia, hang'atuki. Mtahiniwa anayeeleza muktadha wa dondoo kama hilo kwa kumtaja msemaji, msemewa na mahali, akaishia hapo, amekipita kinaya kikiwa mbele ya macho yake. Aonyeshe sharti linavyoeleweka na msemaji, kisha linavyoeleweka na umati.