Uliugua polio utotoni? Usiichoshe misuli iliyosalia

Iwapo uliugua polio utotoni ukapata nafuu, huenda ukashangaa kuona mguu uliokubeba kwa miaka 30 ukianza kulegea tena. Si kwamba virusi vimerudi. Polio iliua baadhi ya mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, na ile iliyonusurika ikachipuza matawi na kuchukua kazi ya iliyokufa. Baada ya kubeba mzigo huo miaka mingi, nayo huanza kushindwa.

Hapo ndipo jamaa na marafiki, kwa nia njema, hukuhimiza ujikaze na kuongeza mazoezi. Usiwasikilize. Kuulazimisha msuli dhaifu unyanyue vyuma au upande ngazi mpaka utetemeke kwaweza kuuzidishia udhaifu. Lakini kukaa kitako kutwa si dawa pia, kwani hata msuli mzima hudhoofika usipotumiwa.

Fanya mazoezi mepesi kwa dakika chache, pumzika, kisha endelea. Kuogelea kunafaa sana kwa sababu maji hupunguza uzito unaobebwa na miguu, mradi yasiwe baridi. Ukiamka kesho yake ungali na maumivu au uchovu, ujue ulizidisha, punguza.

Kabla ya kuanza, mwone daktari, maana hata upungufu wa damu huleta uchovu. Halafu mtaalamu wa tiba ya viungo akupime msuli mmoja mmoja, kwani mguu wa kulia waweza kustahimili baiskeli na wa kushoto usiweze. Na ukishauriwa utumie mkongojo tena, usione haya.