Maji ya Ruzizi na Kazi ya Mhandisi

Mto Ruzizi unatoka katika Ziwa Kivu, hapa Bukavu. Unapita kati ya milima, unashuka katika tambarare ya Uvira, kisha unaingia katika Ziwa Tanganyika. Ziwa Kivu liko juu ya bahari kwa meta 1,460 hivi, na Ziwa Tanganyika kwa meta 770 hivi. Basi maji ya Ruzizi huteremka karibu meta 690 katika safari ya kilometa 120 hivi. Maji yanayoteremka yana nguvu nyingi. Zamani nguvu hiyo ilivuma bure kati ya mawe. Katika miaka ya 1950 wahandisi waliipima, wakaihesabu, wakaipatia kazi.

Mhandisi ni nani? Ni mtu anayefikiri na kuhesabu kitu kabla hakijatengenezwa. Mwashi hujenga daraja. Mhandisi huhesabu kwanza uzito ambao daraja hilo litaweza kubeba. Kila mmoja anamhitaji mwenzake. Mhandisi asiyewaheshimu mafundi hatajenga kitu.

Tutazame sasa kazi ya maji. Ukuta mkubwa huzuia mto. Maji huingia katika mabomba, huteremka kwa kasi, na kupiga gurudumu la chuma liitwalo turbini. Turbini huzungusha mashine yenye sumaku na nyaya za shaba, na katika nyaya hizo umeme hupatikana. Mtambo wa kwanza, Ruzizi ya Kwanza, ulianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi ya Pili ulimalizika mwaka 1989, nao ni wa nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi.

Lakini mtambo una adui. Chupa na mifuko ya plastiki inayotupwa katika mitaro ya Kadutu na Ibanda husukumwa na mvua mpaka ziwani. Kutoka ziwani huelea mpaka mtoni, na kuziba njia ya maji. Hapo turbini hulazimika kusimama, na umeme hukatika mjini. Kinu cha unga kinanyamaza. Muuguzi anatafuta taa. Mwanafunzi anafunga daftari lake kabla hajamaliza. Nani atatafuta njia ya kuzuia taka zile? Nani atatunza mashine zile zinapozeeka? Tutangoja wageni siku zote? Ninyi mnaokaa darasani leo ndio mtakaofanya kazi hiyo, kama mkijitayarisha tangu sasa.

Kwanza, pendeni hesabu. Msizikariri tu kama kasuku. Ulizeni kwa nini jibu ni hilo. Atakayejua vizuri sehemu, eneo na ujazo akiwa mdogo hataiogopa fizikia akiwa mkubwa.

Pili, jifunzeni kupima. Chukueni kopo tupu lenye kuta zilizonyoka, mliweke nje mahali pa wazi. Kila asubuhi pimeni kwa rula maji ya mvua yaliyomo, mwandike milimeta katika daftari, kisha mlimwage. Baada ya mwezi mtajua mvua yote iliyonyesha. Mhandisi wa maji naye huanza na kazi ya namna hiyo. Asiyejua mvua hajui mto.

Tatu, tumieni mikono yenu. Tengenezeni gurudumu dogo la mabua, mliweke chini ya maji yanayoanguka. Likikataa kuzunguka, tafuteni sababu, mlitengeneze tena.

Nne, jifunzeni Kifaransa kwa bidii, kwa maana katika shule za juu masomo hayo hufundishwa kwa lugha hiyo.

Tano, zoeeni kufikiri kwa utaratibu. Hii ndiyo njia ya kuelekea kwenye kompyuta. Kompyuta ni mashine inayotii amri moja baada ya moja, wala haijui usiloiambia. Andikeni amri za kupika bugali. Ukiandika, “Washa moto, weka sufuria, tia unga,” mama atacheka, naye atatia maji mwenyewe. Lakini kompyuta haitatia maji, na unga utaungua. Atakayeweza kuandika amri zote bila kusahau hata moja ameanza kazi ya kompyuta, hata kama shule yake haina mashine.

Wasichana wasiseme, “Hiyo ni kazi ya wanaume.” Huko Marekani alikuwako mtawa mmoja, Sista Mary Kenneth Keller. Mwaka 1965 alipata shahada ya udaktari katika elimu ya kompyuta, naye alikuwa mmoja wa watu wawili wa kwanza kuipata katika nchi hiyo. Kisha akawafundisha wengine kwa miaka mingi.

Njia ni ndefu. Baada ya miaka sita ya shule ya msingi kuna darasa la saba na la nane. Baadaye kuna miaka minne ya kuchagua somo: hesabu na fizikia, umeme, umakanika au ujenzi. Halafu kuna mtihani wa taifa, na mwisho chuo kikuu. Lakini haba na haba hujaza kibaba.

Mungu aliumba mto na mlima. Mtu alipewa akili na mikono ili avitumie kwa faida ya wenzake. Mtakatifu Yosefu alikuwa fundi, na Bwana wetu alikua katika nyumba ya fundi. Basi, aliye mwaminifu katika hesabu ndogo leo atakabidhiwa kesho mashine kubwa zinazoangaza mji mzima. Na leo hii asitupe chupa mtaroni.

Maswali
1. Ruzizi huteremka meta ngapi katika kila kilometa? Gawanyeni 690 kwa 120.
2. Chupa iliyotupwa Kadutu yawezaje kuzima taa mjini?
3. Andikeni amri zote za kuteka maji bombani, bila kusahau hata moja.