Seli za Ukuta wa Ateri na Utengenezaji wa Protini: Maelezo na Istilahi

Neno mshipa lina mzigo mkubwa katika Kiswahili. Mshipa ni njia ya damu. Mshipa ni neva pia. Na kwa watu wengi ugonjwa wa mshipa ni busha au ngiri. Mgonjwa wa Lubumbashi aambiwaye kwamba "mushipa" wake umeharibika hana budi kuuliza ni upi. Kwa hiyo makala haya yanatumia istilahi ateri kwa mshipa upelekao damu kutoka moyoni, na yanaeleza jinsi seli za ukuta wake zinavyotengeneza protini zikikuzwa nje ya mwili.

Ukuta wa ateri una matabaka matatu. Tabaka la kati limejaa seli za misuli laini, yaani misuli isiyotii hiari ya mtu. Seli hizo hukaza na kulegeza ateri. Aidha, hutengeneza protini zinazoushikilia ukuta. Zilizo kuu ni elastini, ambayo huvutika na kurudi, na kolajeni, ambayo huuzuia ukuta usipasuke.

Seli hizo zikitolewa katika kipande cha ateri na kuwekwa chomboni, ndani ya kiowevu cha lishe chenye joto la mwili, hubadili tabia. Hupunguza nyuzi za kujikaza, hugawanyika na kuzidisha protini. Mwaka 1971 Russell Ross wa Seattle, Marekani, alionyesha kwamba seli za aota ya mnyama ziliweza kuunda nyuzi za elastini chomboni.

Kazi yenyewe huenda kwa hatua. Maagizo ya jeni hunakiliwa katika RNA. Ribosomu huyasoma na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine. Kwa kolajeni, minyororo mitatu husokotwa pamoja mfano wa kamba. Vimeng'enya vinavyoiandaa minyororo hiyo huhitaji vitamini C. Ikikosekana, kamba hulegea. Ndiyo asili ya kiseyeye, na ndiyo sababu maabara hutia vitamini hiyo katika kiowevu.

Mwaka 1998 Nicolas L'Heureux na wenzake, huko Québec, walieleza mshipa wa damu uliojengwa kwa seli za binadamu bila nyuzi za plastiki. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha Symvess: seli za aota ya binadamu hukuzwa juu ya wavu unaoyeyuka, kisha huondolewa, zikabaki protini. Bomba hilo hushonwa kwa mtu mzima aliyeumia ateri ya mkono au mguu, pale ambapo mshipa wake mwenyewe haufai na kiungo chake kiko hatarini kukatwa.

Limebaki suala la jina. Kifaransa, lugha ya kufundishia katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, hutumia neno moja kwa kilimo, utamaduni na kazi hii ya maabara. Kiswahili huvitenga. Anayetafsiri "utamaduni wa seli" humpotosha msikilizaji; ukuzaji wa seli ndiyo istilahi inayofaa. Mgonjwa anayetakiwa kukubali upasuaji anastahili kuelewa ni kitu gani kitakachoshonwa mwilini mwake, na kimetengenezwaje.