Mbwa Mzee si Mvivu, Anaumwa

Kiswahili kimemtendea mbwa mambo mawili yanayokinzana. Katika matusi kimemshusha hadi chini kabisa, kwani mtu akiitwa mbwa huona amevuliwa utu. Katika sarufi, hata hivyo, kimemkweza: twasema mbwa analala, mbwa anaumwa, kwa kiambishi kile kile tunachompa mwalimu na mtoto. Sarufi yakiri kwamba kiumbe huyu ana uhai na hisi. Ninalouliza leo ni iwapo sisi wenye lugha twamtendea kwa kadiri ya sarufi au kwa kadiri ya matusi, hasa anapozeeka.

Katika milima ya Kisii na Nyamira, mbwa, ambaye kwa Ekegusii huitwa esese, ni mlinzi wa boma. Aghalabu hufungwa kutwa na kufunguliwa usiku ili alinde kuku, ng'ombe na migomba. Hupanda na kushuka miteremko mikali, kisha hulala nje katika nchi ambayo mvua hainyimi mwezi wowote. Akishapita miaka minane au kumi, huanza kuinuka kwa shida asubuhi, akiitanguliza miguu ya mbele na kuiburura ya nyuma. Wenyewe husema: amezeeka, amechoka, amekuwa mvivu. Ni maneno matatu, na hakuna hata moja linalosema kwamba anaumwa.

Kosa la msamiati huzaa kosa la matendo. Mvivu hupigwa teke, aliyechoka hupuuzwa, na aliyezeeka mara nyingine hufukuzwa au hutiliwa sumu ili nafasi yake ichukuliwe na kijibwa kipya. Hayo ndiyo malipo ya mlinzi aliyekesha miaka kumi.

Hata jina la ugonjwa wenyewe lapotosha kidogo. Twauita baridi yabisi, maneno mawili yenye asili ya Kiarabu. Yabisi ni kitu kikavu, kigumu, na hapo jina limesema kweli, maana kiungo hukaza. Lakini neno baridi limemshtaki asiyekuwa mkosaji mkuu. Baridi huweza kuzidisha ugumu na maumivu; siyo inayouanzisha ugonjwa. Ncha za mifupa inayokutana kwenye kiungo hufunikwa na gegedu, tishu telezi inayozuia mfupa kusagana na mfupa. Gegedu likichakaa, kiungo huvimba na vinundu vya mfupa huota pembeni mwake. Gegedu lililoliwa halirudi likawa kama zamani. Kwa hiyo ugonjwa huu hauponi, hutunzwa.

Chanzo chake mara nyingi ni cha ujanani: jiwe lililoumiza goti, pikipiki iliyomgonga, au nyonga zilizokua vibaya, kasoro inayowaandama sana mbwa wakubwa kama German Shepherd. Juu ya hayo huja unene. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwafuata mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao. Kwa kipimo cha kati, waliokula kidogo waliishi miaka 13, na wenzao miaka 11.2, na haja ya kutibiwa viungo iliwafikia waliokula kidogo takriban miaka mitatu baadaye.

Msomaji wa Keroka au Ogembo huenda akacheka, akisema kwamba mbwa wa kijijini ni mwembamba tangu hapo. Wengi ni wembamba kweli. Lakini mbwa anayeshinda mnyororoni na kulishwa ugali mtupu huweza kunenepa uzeeni huku misuli yake ikilegea. Mpapase ubavuni: mbavu zahisika kwa vidole bila kubonyeza sana? Zisipohisika, punguza ugali.

Mengine hayana gharama kubwa. Mpe gunia kavu lililojazwa nyasi, lililoinuliwa juu ya ardhi yenye unyevu. Mfungue mara kwa mara, umtembeze mwendo mfupi wa kila siku mahali tambarare, kwani kiungo kisichotumika huzidi kukaza. Lakini usimkimbize mlimani siku moja na kumfunga siku sita. Mkate kucha. Tandika gunia kwenye saruji inayoteleza. Muangalie akilamba kiungo kimoja kila mara, akisita mbele ya ngazi, au akimkaripia mtoto anayemgusa kiuno. Mbwa mwenye maumivu ya muda mrefu mara nyingi halii. Dalili ya mvua ni mawingu.

Hatari kubwa iko katika kabati la dawa. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo binadamu humeza kwa maumivu ya mgongo, huweza kumletea mbwa vidonda vya tumbo na kumharibu figo. Parasetamoli nayo huweza kumdhuru ini. Ziko dawa zilizoidhinishwa kwa mbwa, kama vile meloksikamu na karprofeni, lakini kipimo chake hufuata uzito wake, nazo hutolewa na daktari wa mifugo baada ya kumchunguza. Na maumivu yakishinda kila dawa, daktari huyo huyo ndiye awezaye kumpumzisha bila mateso. Sumu haifanyi hivyo.

Yuko atakayeniuliza: nyanya yangu anaumwa magoti na hana dawa, wewe waniletea habari za mbwa? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba gunia kavu halimnyang'anyi nyanya chochote, na mtoto aliyezoea kutambua maumivu ya asiyeweza kusema hatachelewa kuyatambua ya nyanya yake anayenyamaza kwa staha. Tena sheria imeshasema. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 linazikabidhi kaunti huduma za mifugo pamoja na maslahi ya wanyama. Wananchi wa Kisii na Nyamira wana haki ya kuuliza kama afisa wa mifugo anayefika kumtazama ng'ombe anaweza kumtazama mbwa pia.

Walimu, nawaombeni jambo dogo. Mwanafunzi akiandika katika insha yake kwamba mbwa wao amekuwa mvivu, msiishie kusahihisha tahajia. Mwulizeni mbwa huyo ana miaka mingapi, na huinukaje asubuhi.