WIZARA YA ELIMU INA KAZI GANI KWETU?



Machi 2025 Rais Trump wa Marekani alitoa amri ianze kufungwa Idara ya Elimu ya nchi yake, iliyoundwa mwaka 1979. Mwenzetu anayeosha kahawa Gitega au Muyinga anaweza kuuliza: na Burundi je, wizara ya nini?

Tusidanganyike. Kule majimbo na serikali za mitaa ndizo zinazoendesha shule na kulipa walimu. Kwetu hakuna mkoa wenye mfuko wa namna hiyo. Wizara ikifungwa, mwalimu wa kilimani atalipwa na nani? Na mzazi, mwenye mshahara wa kibarua!

Wakati wa Wabelgiji shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni. Shule za serikali zisizo za dini zilikuwa chache. Minervali ya shule ya msingi ilifutwa nchi nzima mwaka 2005, na watoto wakafurika madarasani hata madawati hayakutosha. Parokia moja isingeweza kuifuta. (Yunifomu na madaftari bado tunanunua sisi, hilo tunalijua vizuri.)

Lakini wizara si malaika. Miaka ya 1980, chini ya Bagaza, serikali hiyohiyo ilizifunga Yaga Mukama, shule za parokia ambako watoto wengi wa maskini walijifunza kusoma Kirundi. Kwa hiyo tunaitaka wizara, na tunataka pia vibarua wakae katika kamati za shule, hesabu za michango zisomwe mbele yao.